Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Mwanafunzi Kujibu Maswali ya Sayansi ya Jamii

Mtoto anayekuja na swali la kazi ya ziada saa mbili usiku hutaka jibu, hataki somo. Naye mzazi aliyemtuma hutaka kuona daftari limejaa kabla ya watu kulala. Katika jioni nyingi nilizoketi na wanafunzi wa mtaa wetu hapa Kisumu, baadhi yao wa sekondari msingi na wengine wa kidato cha tatu na cha nne, nimeona kwamba ukimpa mtoto jibu tupu, kesho atarudi na swali lile lile likiwa limevaa kanzu nyingine. Mwongozo huu nimeuandikia yeyote anayeulizwa maswali hayo: mzazi, dada au kaka mkubwa, mwalimu wa jioni, au mwanachuo aliyekuja likizo akakabidhiwa binamu zake. Unahusu historia, jiografia, uchumi na uraia. Masomo haya yana tabia moja inayoyaunganisha: hayaishii kuuliza jambo ni nini, bali hutaka pia kujua kwa nini likawa na likaleta nini, na alama nyingi hupotelea hapo katikati.

Hatua ya 1: Vunja swali kabla ya kulijibu

Mwambie mwanafunzi alisome swali kwa sauti, kisha alifunike kwa kiganja na akueleze kwa maneno yake mwenyewe limemtaka afanye nini. Maswali ya historia na jiografia huja kwa Kiingereza, kwa hiyo nami humtaka aliseme kwa Kiswahili, au kwa Kidholuo akipenda, maana mtu hawezi kulifasiri jambo ambalo hajalielewa. Akishindwa, umejua tatizo lilipo, na bado hamjafungua kitabu.

Kila swali lina neno la amri, mada na mipaka. Neno la amri ndilo linaloamua urefu wa jibu. "Taja" hutaka majina au hoja bila maelezo, na mwanafunzi anayeandika aya nzima hapo anapoteza muda. "Eleza" hutaka hoja pamoja na maelezo yake. "Linganisha" hutaka vitu viwili viwekwe katika sentensi moja, wala si aya ya hiki ikifuatwa na aya ya kile huku msomaji akiachiwa kazi ya kulinganisha. "Jadili" na "tathmini" hutaka pande zaidi ya moja, kisha uamuzi.

Chukua swali hili kuhusu Mumia, nabongo (yaani mfalme) wa Wanga huko magharibi mwa Kenya: "Eleza sababu sita zilizomfanya Nabongo Mumia wa Wanga ashirikiane na Waingereza (alama 12)." Amri ni kueleza. Mada ni ushirikiano wa Wanga na Waingereza. Mipaka ni kwamba zinatakiwa sababu, zisipungue sita, na zimhusu Mumia peke yake. Alama nazo zinasema jambo: 12 kwa hoja sita ni alama mbili kwa kila hoja, yaani moja ya kuitaja na moja ya kuieleza. Katika mtihani wa kitaifa wa Historia na Serikali wa kidato cha nne, sehemu za B na C hubeba alama 75 kati ya 100, na maswali yake mengi yana sehemu ya pili ya namna hii. Mwanafunzi anayetaja bila kueleza anaiacha nusu ya alama hizo mezani.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniletea jibu la swali hilo. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba Mumia alishirikiana kwa sababu alifanywa chifu mkuu. Sikumwambia amekosea. Nilichora mstari kwenye karatasi, nikamwomba auweke ushirikiano ulipoanza, naye akaweka miaka ya 1890. Kisha nikamwomba auweke mwaka ambao Mumia alitangazwa chifu mkuu, akaweka 1909. "Lipi limetangulia, mwanangu?" Aliuangalia ule mstari kwa muda, akacheka. Cheo cha 1909 kilikuwa tunda la ushirikiano, na tunda haliwezi kuwa mbegu yake. Hata hivyo hatukuifuta hoja ile; tuliigeuza. Mumia alikuwa na majirani waliomtia wasiwasi, wakiwamo Wabukusu na Waluo wa Ugenya, na alitarajia kwamba bunduki za Waingereza zingemsaidia kuilinda na kuipanua himaya yake. Matarajio hutangulia tendo, kwa hiyo yanafaa kuitwa sababu. Kuchanganya sababu na matokeo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote, na ule mstari wa karatasi hulitibu ndani ya dakika mbili.

Hatua ya 2: Uliza anajua nini

Hatua hii ni fupi lakini usiiruke. Mpe dakika tano aandike kila anachokumbuka kuhusu mada, hata nusu ya jambo, hata alichosikia kwa nyanya yake. Weka alama ya tiki kwenye lililo sahihi na duara kwenye la kukaguliwa. Mara nyingi nusu ya jibu tayari imo kichwani mwake, na akiliona hilo ataacha kukutazama kama mashine ya kutoa majibu.

Hatua ya 3: Jenga mnyororo wa sababu

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Chukua swali ambalo kila mwanafunzi wa huku hukutana nalo: kwa nini uwanda wa Kano hufurika mara kwa mara? Jibu la kwanza huwa ni "kwa sababu ya mvua nyingi." Ni kweli, ila halielezi kitu. Mimi huuliza hivi: Kericho hupata mvua nyingi kuliko Ahero, mji ulio huko Kano; mbona hatusikii Kericho imezama?

Swali hilo humlazimisha mtoto aitazame ardhi. Mto Nyando huteremka kutoka nyanda za juu za Nandi na Kericho. Kule juu mteremko ni mkali na maji hukimbia, na mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni na miteremko iliyokatwa miti huyapa udongo wa kubeba. Mto ukifika Kano, ardhi inakuwa tambarare kama sinia, na maji yaliyokuwa yakikimbia sasa yanatambaa. Maji yanayotambaa hayawezi kubeba mzigo ule ule, kwa hiyo matope na mchanga hutua chini ya mto, mwaka baada ya mwaka, hadi mkondo unakosa kina. Mvua kubwa ikija, mto hauna nafasi ya kuyameza maji, nayo hupanda kingo na kuingia majumbani. Udongo wa mfinyanzi wa Kano nao hunywa maji polepole. Na kina cha Ziwa Victoria kikiwa juu, kama ilivyokuwa mwaka 2020, maji ya mto hukuta mlango umejaa.

Baada ya kuizungumza habari hiyo kwa mdomo, mwanafunzi aiandike kwa sentensi ambazo kila moja inashika mkono wa mwenzake. Binti mmoja wa Gredi ya 9 alianza na sentensi hii: "Mafuriko hutokea kwa sababu ya mvua na ukataji wa miti." Saa moja baadaye aliandika: "Miti inapokatwa kwenye miteremko ya Nandi, mvua huuosha udongo na kuuingiza katika Mto Nyando, udongo huo hutua mto unapopunguza kasi katika uwanda wa Kano, na kwa kuwa mkondo umekuwa mfupi wa kina, maji humwagika nje ya kingo." Ukataji wa miti umo katika sentensi zote mbili. Tofauti ni kwamba katika ya pili, msomaji anaiona njia nzima kutoka mti ulioanguka hadi nyumba iliyoingia maji.

Kipimo changu ni rahisi. Kila baada ya sentensi uliza, "Halafu ikawaje?" Ikiwa sentensi inayofuata inajibu, mnyororo umeshika. Ikiwa imerukia jambo jingine, kuna pete iliyokosekana, na mwanafunzi ndiye aitafute.

Hatua ya 4: Thibitisha tarehe, jina na mahali

Mimi mwenyewe niliwahi kuumbuliwa na mwanafunzi, na ninalisimulia hili ili msomaji asidhani msaidizi ni mtu asiyekosea. Nilikuwa nikieleza ujenzi wa reli, nikasema kwa kujiamini kwamba mwaka 1901 reli ilifika Kisumu, mwisho wake ndani ya Kenya. Msichana aliyekuwa akinisikiliza akauliza kwa upole, "Mwalimu, kama iliishia Kenya, mbona iliitwa Reli ya Uganda?" Sikuwa na jibu la kuridhisha, tukaenda vitabuni pamoja. Mwaka 1901 sehemu hii yote, kuanzia maeneo ya Naivasha na Nakuru hadi ziwani, ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Ilihamishiwa kwenye himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya, mwaka 1902. Kwa maneno mengine, reli ilipofika Port Florence, kama Kisumu ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa imefika Uganda kweli.

Tangu siku hiyo nina desturi ya kumtaka mwanafunzi akague mambo matatu katika kila jibu la historia: mwaka, jina la mtu na jina la mahali kama lilivyokuwa wakati huo. Yakaguliwe kwanza katika kitabu cha shule, kisha katika chanzo cha pili kisichonakili cha kwanza. Simu inasaidia, na programu za akili unde zinasaidia pia, ila hizo huandika kosa kwa ufasaha ule ule unaoandikia ukweli. Nimeona moja ikimpa mtoto idadi ya watu wa jiji la Kisumu mahali palipotakiwa idadi ya kaunti, na sentensi ilikuwa nzuri mno kiasi kwamba hakuna aliyeishuku.

Hatua ya 5: Maswali yenye hesabu

Wanafunzi waliochagua mkondo wa sayansi ya jamii wakidhani wameikimbia hesabu hupatwa na mshangao hapa. Hesabu yenyewe ni ya kawaida. Ugumu uko katika kuitafsiri.

Anza na msongamano wa watu, ambao ni idadi ya watu kugawanywa kwa eneo. Katika sensa ya 2019, Kaunti ya Nakuru ilikuwa na watu 2,162,202 kwenye kilomita za mraba takriban 7,462, na Kisumu watu 1,155,574 kwenye takriban 2,085. Ukigawanya, Nakuru inapata watu 290 hivi kwa kila kilomita ya mraba, na Kisumu 554. Mwanafunzi akiishia hapo amefanya hisabati tu. Jiografia inaanza anapoeleza kwamba kaunti yenye watu wengi zaidi ndiyo yenye nafasi zaidi, na kwamba wastani huo unaficha mengi: ndani ya Nakuru kuna mitaa iliyobanana ya jiji, na pia kuna mbuga, ziwa na msitu ambamo hakuna anayejenga.

Kwa uchumi, mfano wangu wa kudumu ni omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria. Serikali hufunga uvuvi wa omena upande wa Kenya kwa miezi minne, Aprili hadi Julai, ili samaki wazaliane. Ugavi hupungua, bei hupanda. Tuseme, kwa ajili ya zoezi tu, kwamba gorogoro, lile kopo la kupimia sokoni, imetoka shilingi 200 hadi 250, na mama mmoja sokoni aliyekuwa akiuza gorogoro 40 kwa siku sasa anauza 36. Bei imepanda kwa asilimia 25, kiasi kimeshuka kwa asilimia 10, na 10 ukigawanya kwa 25 unapata 0.4. Hicho ndicho kinachoitwa unyumbufu, yaani kiasi kinachonunuliwa hubadilika kwa kadiri gani bei inapobadilika. Uko chini ya 1, maana yake wanunuzi wamepunguza kidogo tu, na mwanafunzi aeleze sababu: kwa familia nyingi hakuna kitoweo kingine chenye lishe hiyo kwa bei inayokaribiana nayo.

Sasa uliza swali la mtego. Je, mahitaji ya omena yamepungua? Wengi husema ndiyo. Hapana; kilichopungua ni kiasi kinachonunuliwa, kwa sababu bei imebadilika, na kwenye mchoro wa bei na kiasi tumesogea kwenye mstari ule ule wa mahitaji. Mstari wa ugavi ndio uliohama. Mahitaji yenyewe yangehama kama, kwa mfano, nyama ingepanda bei na watu wakaikimbilia omena hata kabla bei ya omena haijaguswa. Mpe mwanafunzi visa vitano achague ni mstari upi umehama: msimu kufungwa, mbalamwezi inayozifanya taa za wavuvi zisivute omena usiku, mshahara wa mwisho wa mwezi, shehena ya dagaa kutoka upande wa Tanzania, tetesi kwamba bei itapanda kesho. Kisa cha mwisho huzua ubishi wa haki, kwa sababu mnunuzi hukimbia kununua leo na muuzaji mwenye akiba huificha, hivyo mistari yote miwili inaweza kuhama.

Hatua ya 6: Maswali ya uraia

Hapa kitabu cha kwanza ni Katiba yenyewe, iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, na sehemu inayojibu maswali mengi kuliko watu wanavyodhani ni Jedwali la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na zile za kaunti 47. Usimruhusu mwanafunzi aandike "serikali inapaswa." Serikali ipi? Darasa la shule ya msingi likibomoka, wa kuulizwa ni serikali ya kitaifa. Darasa la chekechea ni la kaunti, hata kama yako kwenye uwanja mmoja. Masoko na zahanati ni za kaunti. Polisi ni wa kitaifa. Feri na bandari ziko kwa kaunti, isipokuwa usimamizi wa usafiri wa majini wa kitaifa na kimataifa, na hilo wanafunzi wa huku ziwani hulifurahia kwa sababu linawahusu.

Hatua ya 7: Maswali ya kujadili na kutathmini

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kujadili ni kuorodhesha faida na hasara. Swali kama "Tathmini nadharia ya Malthus kwa kutumia eneo unalolijua" linahitaji kwanza nadharia yenyewe isemwe kwa haki: Thomas Malthus, mwaka 1798, alidai kwamba idadi ya watu huelekea kukua haraka kuliko chakula, hadi njaa, maradhi na vita viirudishe chini. Kisha tafuta mahali pa kuipimia. Kaunti ya Vihiga ina watu wapatao 1,047 kwa kilomita ya mraba kwa sensa ya 2019, msongamano mkubwa kwa eneo ambalo sehemu yake kubwa bado ni mashambani. Upande mmoja, mashamba yamegawanywa hadi yakawa vijishamba, na hapo Malthus ana hoja. Upande wa pili, Ester Boserup aliandika mwaka 1965 kwamba msongamano wenyewe huwasukuma watu kubuni mbinu za kulima zaidi mahali padogo. Na Vihiga unaona mboga, migomba na ng'ombe wa kufungiwa kwenye kipande kimoja. Tena, watu wa Vihiga hawaishi kwa shamba pekee, kwa kuwa wengi hufanya kazi mijini na kutuma pesa nyumbani, jambo ambalo Malthus hakulipa nafasi.

Baada ya hapo mwanafunzi aamue. Akiandika kwamba nadharia hiyo ina ukweli kiasi, amwambie msomaji ni kiasi gani na wapi. Mtahini hamhukumu kwa upande aliouchagua, bali kwa jinsi alivyoufikia.

Hatua ya 8: Utafiti mdogo wa nyumbani

Shule siku hizi hutoa kazi za kuchunguza mtaa. Swali likiwa pana, lipunguzeni: "changamoto za bodaboda" ligeuke kuwa "bodaboda wa mtaa wetu hutumia sehemu gani ya mapato ya siku kwa mafuta?" Mwanafunzi ahoji watu 20 hivi, kwenye vituo tofauti na saa tofauti, baada ya kuwaomba ruhusa, na asiandike majina yao. Mwanafunzi wangu mmoja alihoji watu watano, wote wa kituo cha mjomba wake, na wote, ajabu, walikubaliana na mjomba. Matokeo yaandikwe kwa unyenyekevu: watu 12 kati ya 20 ni asilimia 60 ya waliohojiwa, wala si ya bodaboda wote wa Kisumu. Sentensi moja inayokiri udhaifu wa utafiti huongeza thamani yake.

Hatua ya 9: Kuandika na kukagua

Mwanafunzi aandike mwenyewe, kwa mkono wake, wewe ukiwa umekaa mbali na kalamu. Kila hoja ianze mstari mpya, ifuatwe na maelezo, kisha mfano mmoja wa mahali au mtu anayejulikana. Akimaliza, asome kwa sauti huku ukilishika swali la awali mkononi. Kila hoja isiyolijibu swali hilo ikatwe, hata kama ni ya kweli na imeandikwa vizuri. Hapa huwa kuna manung'uniko.

Kazi ikirudi kutoka shuleni imesahihishwa, mwambie ailete kabla ya swali jipya. Nina daftari dogo la kila mwanafunzi ambamo tunaandika aina ya kosa, si kosa lenyewe: "sababu na matokeo," "hoja bila maelezo," "serikali ipi?" Yule kijana wa Mumia ana alama nne chini ya "sababu na matokeo," zote za muhula wa kwanza. Muhula wa pili ukurasa huo haukuongezewa kitu, ingawa ule wa "hoja bila maelezo" bado unajaa, na ndiko tutakakoanzia Jumatatu.